Maziwa Yasiyoganda

Saa tatu asubuhi, na giza bado limekaa kitako.
Kipimajoto cha mlangoni kinasema hamsini na mbili
chini ya sifuri. Sibishani nacho.
Najifunga shali hadi machoni,
nachukua mtaimbo, nashuka ziwani.

Tundu nililochimba jana limefumba usiku
kama jicho la mtoto asiyetaka kuamshwa shule.
Napiga. Barafu inaruka vipande, inanichanja shavu.
Napiga tena, mpaka maji yapande, meusi, yakifuka,
kana kwamba huko chini kuna mtu anapika.
Narudi nikimwaga majivu njiani, toka tunduni hadi zizini,
maana ng'ombe akiteleza akateguka nyonga
hapa hana wa kumwinua. Ana kisu tu.

Kisha, mavazi.

Msinicheke: ng'ombe wangu huvaa sidiria.
Mama mkwe, Akulina, alinifundisha mwaka ule nilioolewa.
Ngozi ya sungura, manyoya yaelekee ndani, mikanda minne,
fundo juu ya mgongo, lifunguke kwa mvuto mmoja,
kwa sababu vidole nje ya glavu vina uhai wa dakika mbili.
Chuchu ikiumwa na baridi hupasuka kama mkate mkavu,
na ndama wa Aprili atanyonya damu.
Hivyo alisema, uzi ukiwa bado kati ya meno yake.

Ziwa kubwa, ziwa la misonobari,
ziwa lisilo na jina nyuma ya makaburi:
maziwa yote ya nchi hii yameganda,
malori ya mbao yanapita juu yake yakipiga honi.
Haya mengine, ya ndani ya ngozi,
ndiyo niliyopewa kuyalinda.
Si mengi. Lita mbili kwa siku. Tatu, wakiamka na furaha.

Walikuwa watano. Julai mto ulifurika,
ukazoa nusu ya nyasi tulizokata,
ukatuachia matope na visamaki.
Nikahesabu mafungu kwa vidole, nikahesabu miezi;
mafungu yakaisha, miezi ikabaki.
Novemba akaja Prokopi na kisu chake.
Alikunywa chai kwanza, vikombe viwili, bila kunitazama.
Nikamtoa Erien, aliyekuwa mzee,
aliyejua nafasi yake zizini bila kuongozwa,
aliyenilamba kiganja hata asubuhi ile.
Nyama yake tunaila. Sisemi ni tamu. Sisemi si tamu.

Sidiria yake ilibaki msumarini.

Leo nimemvika Magan, mtamba mwenye mimba ya kwanza.
Inampwaya. Kiwele chake bado ni ngumi ya mtoto
ndani ya mfuko wa koti la mtu mzima.
Nikajaza soksi kuukuu pembeni, nikakaza mikanda.
Akapiga teke ndoo. Akageuza shingo, akanusa manyoya,
akanusa tena, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.
Sijui ng'ombe hukumbuka kiasi gani.
Mimi nilitazama ukutani.

Tukatoka, mmoja nyuma ya mwingine,
pumzi zetu zikidondoka chini kwa sauti ya mchele unaopetwa.
Walikunywa haraka, kope nyeupe kwa sakitu,
wakarudi wakikimbia kama wasichana waliovaa viatu vya kukopa.

Sasa mlango umefungwa. Mvuke, harufu, giza la joto.
Kwenye kona ya kaskazini sakitu imechora mstari
penye ufa nisiouona jana;
samadi mbichi iko kwenye karai, inangoja kukandikwa
kabla haijawa jiwe.
Nafungua fundo la Magan. Mvuto mmoja.
Manyoya yana moto.
Naingiza mikono yangu yote miwili humo,
mlemle alimokuwa Erien miaka tisa,
nasimama.

Ukuta utangoja kidogo.